Paroko Aliyetaka Kukimbia: Mtakatifu Yohane Maria Vianney na Usafi wa Moyo

Kila tarehe 4 Agosti Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Yohane Maria Vianney, Paroko wa Ars, ambaye Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925 na miaka minne baadaye akamfanya msimamizi wa maparoko wote. Sisi tulio seminarini tunamsikia tangu mwaka wa kwanza, na mara nyingi kwa sababu moja tu: Kilatini kilimshinda. Mwenzetu akianguka mtihani wa falsafa, hakosekani wa kumfariji kwamba hata Vianney alifeli. Faraja hiyo si mbaya, lakini inatuacha mlangoni. Ndani ya maisha ya padre huyu kuna jambo linalozungumzwa kwa nadra, nalo ni kwamba alijaribu zaidi ya mara moja kuitoroka parokia yake usiku, akiwa mtu mzima, akiwa tayari anasifiwa kuwa mtakatifu. Tunadhani hapo ndipo penye somo kubwa zaidi kuhusu usafi wa moyo.

Maana tukitaja usafi wa moyo, wengi wetu tunarukia amri ya sita moja kwa moja. Ni kweli usafi wa mwili umo, tena ni wa lazima kwa anayejiandaa kwa useja. Lakini katika ile heri ya wenye moyo safi Bwana Yesu anaugusa moyo wote: moyo usiotaka mabwana wawili, moyo usiojificha nyuma ya nia nzuri. Vianney hakuhangaishwa sana na tamaa chafu. Kilichomhangaisha maisha yake yote kilikuwa tamaa njema.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon nchini Ufaransa, mtoto wa nne kati ya sita wa Matthieu Vianney na Marie Beluse. Walikuwa wakulima, na nyumba yao ilijulikana kwa kupokea maskini. Kabla hajazaliwa, babu yake aliwahi kumlaza msafiri mmoja ombaomba, ambaye leo tunamjua kwa jina la Mtakatifu Benedikto Yosefu Labre. Yohane Maria alikuwa na miaka mitatu Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza. Makanisa yakafungwa, na mapadre waliokataa kiapo cha serikali wakawindwa. Familia ya Vianney ilikwenda usiku kusali Misa kwenye mazizi na nyumba za watu, padre akiwa amevaa kama fundi au mfanyabiashara. Kitubio chake cha kwanza alikifanya nyumbani kwao, kwa padre aliyekuwa mafichoni. Komunyo ya Kwanza aliipokea mwaka 1799 katika kijiji jirani cha Ecully, ndani ya nyumba ya mtu, madirisha yakiwa yamefungwa na mikokoteni ya nyasi imesogezwa mbele yake ili mwanga wa mishumaa usionekane nje.

Mtoto aliyejifunza hivyo hakuweza kumwona padre kama mtu wa cheo. Padre kwake alikuwa mtu anayeweza kukamatwa kesho asubuhi. Tunafikiri hili linaeleza mengi juu ya uzito alioupa upadre baadaye, pamoja na hofu yake.

Alianza masomo akiwa na miaka kama 20, kijana wa jembe akikaa benchi moja na watoto, katika shule ndogo aliyoianzisha Padre Charles Balley, paroko wa Ecully. Mwanafunzi mwenzake mmoja, Mathias Loras, mtoto mwenye akili na hasira, alichoka siku moja kumsaidia akampiga kofi mbele ya wengine. Yule mkubwa akapiga magoti mbele ya mdogo na kuomba msamaha kwa uzito wake wa kuelewa. Loras akalia, na urafiki wao ukadumu. Baadaye alikwenda umisionari Marekani na kuwa askofu wa kwanza wa Dubuque.

Mwaka 1809 jina lake liliingizwa katika jeshi la Napoleon. Aliugua, akabaki nyuma ya kikosi chake, na mwishowe akajikuta milimani katika kijiji cha Les Noës, mtoro wa jeshi, akiishi kwa jina la bandia na kufichwa na mjane mwenye watoto. Alikaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Msamaha wa serikali ulipotangazwa mwaka 1810 alirudi, lakini mdogo wake alikuwa ameingia jeshini badala yake, na huyo hakurudi kamwe kutoka vitani. Waandishi wengi wa maisha ya watakatifu wanapita haraka hapa. Sisi tunaona vigumu kuamini kwamba Vianney mwenyewe alipita haraka. Mama yake naye alifariki mwaka 1811, hivyo kijana huyu aliingia seminari akiwa na makaburi mawili nyuma yake, moja lisilojulikana liliko.

Katika Seminari Kuu ya Mtakatifu Irenei, mjini Lyon, mwaka 1813, masomo yalifundishwa kwa Kilatini na hakuelewa. Baada ya miezi michache aliambiwa afungashe virago. Padre Balley hakukubali yaishe. Alimrudisha nyumbani kwake, akamfundisha teolojia kwa Kifaransa, na kuwaomba wakubwa wa jimbo wampe mtihani mwingine. Mbele ya meza ya watahini Vianney alibabaika tena. Ndipo wakakubali kumhoji palepale Ecully, kwa lugha yake, akajibu vizuri. Makamu wa Askofu aliuliza kama kijana huyu ana ibada na kama anasali rozari, akahakikishiwa kwamba hilo halina shaka, akampitisha. Tarehe 13 Agosti 1815 alipewa upadre huko Grenoble. Alikwenda peke yake kwa miguu, umbali wa karibu kilomita 100, katika nchi iliyojaa askari wa Austria, na hakuwa na ndugu wala rafiki kanisani siku ile.

Alirudi Ecully kuwa msaidizi wa Padre Balley. Mwanzoni hakuruhusiwa kuungamisha, kwa kuwa wakubwa walitaka kujiridhisha kwanza na elimu yake ya maadili. Ruhusa ilipofika miezi kadhaa baadaye, mtu wa kwanza kupiga magoti mbele yake aungame alikuwa Padre Balley mwenyewe, mwalimu aliyejua kwa undani jinsi mwanafunzi wake alivyokuwa mzito darasani. Wawili hao waliishi kwa kufunga na kujinyima kiasi kwamba kila mmoja alimshtaki mwenzake kwa Makamu wa Askofu kuwa anazidisha. Tunatabasamu tukisoma habari hiyo, ila hapo pia palipandwa mbegu ya ukali ambao ungemchukua Vianney miaka mingi kuupunguza.

Padre Balley alifariki Desemba 1817. Februari 1818 Vianney alitumwa Ars, kijiji cha watu wapatao 230, kilomita kama 35 kaskazini mwa Lyon. Alifika kwa miguu, akapotea njia kwenye ukungu, na mtoto mchunga kondoo aitwaye Antoine Givre ndiye aliyemwonyesha njia.

Ars halikuwa pango la wanyang'anyi kama wahubiri wengine wanavyopenda kulipaka. Kilikuwa kijiji cha kawaida cha watu waliobatizwa na waliopoa. Jumapili walilima, jioni walikwenda vilabuni, na sikukuu zilikuwa siku za ngoma. Paroko mpya alitoa samani nzuri za nyumba, akatoa na godoro. Alichemsha viazi vya kumtosha wiki nzima, akala mpaka vikaota ukungu. Saa nyingi za usiku alikuwa mbele ya tabernakulo. Inasimuliwa kwamba alimlipa mpiga muziki zaidi ya ujira wake ili aondoke bila kupiga. Vilabu vilifungwa kimoja baada ya kingine.

Hatupaswi kuficha kwamba katika miaka hiyo alikuwa mkali kupita kiasi. Waliopenda ngoma aliwanyima ondoleo la dhambi kwa muda mrefu, na mahubiri yake yalitisha zaidi ya yalivyovuta. Ukali ule aliurithi kutoka kwa Padre Balley na kutoka kwa mazingira ya Ufaransa ya wakati ule. Taratibu, hasa alipoyafahamu mafundisho ya Mtakatifu Alfonsi wa Liguori juu ya kitubio, akabadilika. Mzee aliyekuwa akilia pamoja na waungamaji, akiwapa malipizi madogo na kuyabeba mengine yeye mwenyewe, hakuwa mtu yuleyule wa mwaka 1818. Jandokasisi anayeanza kwa ukali juu ya dhambi za wengine angefaa kukaa hapa kidogo. Moyo wa mtakatifu huyu ulisafishwa hata katika namna yake ya kuchukia dhambi.

Kisha yakaja masingizio. Msichana mmoja alizaa katika nyumba iliyo karibu na ya paroko, na midomo ikamtaja Vianney. Barua zisizo na majina zilimfikia askofu, mlango wa nyumba yake ukapakwa uchafu, na usiku watu walisimama nje wakimtukana. Tunajua wenyewe jambo la namna hii linaweza kumfanya nini padre. Jamaa zake wakubwa wanaanza kujiuliza, waamini wanakaa mbali, naye anabaki hana shahidi ila Mungu. Vianney alifikia kuamini kwamba angefukuzwa kwa fimbo na kufia kifungoni. Hakujitetea hadharani, wala hakumtafuta aliyeanzisha maneno. Aliendelea kuadhimisha Misa Takatifu na kufundisha katekisimu mpaka uvumi ukafa wenyewe.

Wakati mwingine, mapadre wa jirani waliona aibu kwamba watu wanaziacha parokia zao kumkimbilia mtu asiye na elimu. Waliandika malalamiko ya kumwomba askofu amwondoe, karatasi ikazungushwa kutoka nyumba hadi nyumba, na kwa bahati mbaya ikafika Ars. Vianney aliisoma, akaona mambo yaliyoandikwa ni ya kweli, akatia sahihi yake mwenyewe na kuipeleka mbele. Askofu Devie wa Belley alimwacha palepale.

Sahihi ile huwa tunaisimulia kama kielelezo cha unyenyekevu, na ni sahihi kufanya hivyo. Ila tusiishie hapo. Kwa padre aliyeona kwamba hafai, kuondolewa kungekuwa nafuu. Vianney aliamini kwa dhati kwamba hakustahili kuwa paroko, kwamba roho za watu zingepotea kwa ujinga wake, na kwamba alichohitaji ni mahali pa siri ambapo angeweza kusali na kulilia dhambi zake kabla hajafa. Aliwahi kumwomba Mungu amwonyeshe unyonge wake wote. Alipoonyeshwa alielemewa kiasi cha kukaribia kukata tamaa, akaomba apunguziwe. Mtu aliyejiona hivyo hakutaka tena kuhukumiwa akiwa paroko.

Na kazi yenyewe ilikuwa imemzidi. Kuanzia miaka ya 1830 watu walifika Ars kutoka pande zote za Ufaransa, na katika miaka yake ya mwisho walikuwa makumi ya maelfu kwa mwaka. Aliamka saa sita au saa saba usiku, akaingia kanisani akiwa na taa mkononi, na waungamaji walikuwa tayari wamejipanga. Alikaa katika kiti cha kitubio saa 11 au 12 wakati wa baridi, na hadi 16 wakati wa joto. Wengine walisubiri zamu yao kwa siku kadhaa. Nyumba ya yatima na wasichana maskini aliyoianzisha mwaka 1824, aliyoiita Providence, iliendeshwa na Catherine Lassagne na wenzake bila mshahara. Kwa zaidi ya miaka 30 alisumbuliwa pia usiku na makelele na vishindo alivyosadiki ni vya shetani. Mambo hayo yameandikwa sana mahali pengine, na hatuoni haja ya kuyarefusha. Uchovu wa kawaida wa mwili ulitosha kuwa msalaba.

Mara ya kwanza alitoka usiku mwaka 1840. Akiwa njiani, karibu na msalaba uliosimikwa kando ya barabara, alijiuliza kama kweli anakwenda kwa mapenzi ya Mungu, na kama kuongoka kwa mtu mmoja si bora kuliko sala zote ambazo angezisali akiwa peke yake. Akageuka, na asubuhi akawa katika kiti chake.

Mara ya pili, mwaka 1843, alikuwa ametoka kuugua sana. Septemba aliondoka gizani akaenda kwa kaka yake huko Dardilly. Siku chache tu, na mahujaji wakawa wamemfuata huko, wakijaza uwanja wa nyumba alimozaliwa. Askofu alikuwa tayari kumpa kazi nyepesi katika kikanisa cha Beaumont. Vianney alikwenda huko, akaadhimisha Misa, akasali, na baada ya Misa akaamua kurudi Ars. Kengele zilipigwa, watu wakamiminika uwanjani, naye akawabariki akiwa amechoka na fimbo yake mkononi.

Mara ya tatu ndiyo inayotushangaza zaidi, kwa kuwa alikuwa na miaka 67. Usiku wa Septemba 1853 alimdokezea Catherine Lassagne kwamba anaondoka, na Catherine, kwa kumpenda, hakuweza kukaa na siri hiyo. Bruda Athanase, mwalimu wa shule ya kijiji, pamoja na Padre Toccanier, msaidizi mpya, wakamfuata gizani. Walimfikia kwenye kijito cha Fontblin. Padre Toccanier alimnyang'anya breviari akidhani hawezi kuendelea bila kitabu hicho cha sala. Kijijini kengele ya hatari ililia, na watu wakaamka wakidhani ni moto au wezi, wengine wakiwa na ndoo, wengine na silaha. Mahujaji waliokuwa wamesubiri kuungama wakamzunguka wakimsihi asiwaache hivi. Mzee akatazama, akanyamaza, akaingia kanisani, akavaa, akaketi kuungamisha. Hakujaribu tena.

Tukiisoma habari hii kwa haraka tunaweza kucheka. Lakini tufikirie alichokuwa anakitaka: sala, upweke, toba. Hakuna mkurugenzi wa kiroho ambaye angeziita hizo dhambi. Vianney mwenyewe baadaye aliwakiri watu wa karibu kwamba katika shauku ile kulikuwa na kupita kiasi, na kwamba yule mwovu aliitumia. Shetani hakuwa na njia ya kumpata kwa pombe wala kwa fedha wala kwa wanawake, akampitia kwenye tamaa ya utakatifu. Tamaa hiyo ilibeba ndani yake kitu kidogo cha kwake mwenyewe: kutaka kujiokoa peke yake, kutaka kuchagua yeye mwenyewe mahali pa kumpendeza Mungu. Hicho ndicho kilichobaki kusafishwa, na hakikusafishwa kwa kufunga, kwani kufunga alikuwa bingwa. Kilisafishwa kwa utii kwa askofu aliyekataa kumwachia, na kwa watu wenye dhambi waliomvuta kanzu.

Kwetu seminarini hili linauma mahali fulani. Wapo wanaotamani kupangiwa kwingine, wanaodhani wangesali vizuri zaidi kama wangekuwa watawa wa monasteri, au kama wangepelekwa masomoni nje. Wapo pia wazazi na walimu katika parokia zetu wanaoamini kwamba wangekuwa watakatifu kama si watoto hawa, kama si kazi hii, kama si jumuiya hii yenye maneno mengi. Huenda wengine kweli wanaitwa kwingine, na wapo wa kuwasaidia kulipambanua. Lakini Vianney aliitwa Ars, alijua hivyo, na hata hivyo miguu yake ilitafuta njia ya kutoka.

Heshima za dunia hazikumgusa. Mwaka 1852 askofu alimvalisha mozeta ya kanoni wa heshima, naye baada ya muda mfupi akaiuza kwa faranga 50 na fedha zikaenda kwa maskini. Serikali ilipompa nishani ya heshima miaka michache baadaye, hakuivaa.

Kiangazi cha mwaka 1859 kilikuwa cha joto kali. Tarehe 29 Julai alikaa kanisani siku nzima kama kawaida, akahema kwa shida, akatoka nje mara kadhaa kupata hewa, akarudi. Usiku ule hakuweza kuamka. Waliokuwa hawajamaliza maungamo waliruhusiwa kuingia chumbani kwake, naye akawasikiliza akiwa kitandani. Alipokea sakramenti za mwisho huku kengele ya kanisa ikilia, na Askofu wa Belley akafika kwa haraka kumwaga. Katika siku zile tano hakuomba kupelekwa popote. Alifariki saa nane usiku, tarehe 4 Agosti, akiwa na miaka 73, katika parokia ambayo alikuwa ameiongoza kwa miaka 41. Nje, kwenye uwanja, mahujaji walikuwa bado wamejipanga.